Hadithi za ujasusi kwa vijana zimtazame pia anayepelelezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie aina ya vitabu ambayo vijana wetu wanaipenda mno, na ambayo sisi watu wazima, yaani walimu, waandishi na wachapishaji, tumeiacha ijiendee yenyewe. Nazungumzia hadithi na historia za ujasusi. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na nimepewa pia dhamana ya maktaba ya shule. Katika rafu zetu kitabu chenye jasusi hakikai. Kikirudishwa asubuhi, mchana kimekwisha azimwa tena, hata kama jalada lake limechanika na kurasa za mwisho zimeshikizwa kwa gundi. Sina ugomvi na mapenzi hayo, maana kijana anayesoma kwa hamu ni neema kwa mwalimu. Ninacholalamikia ni kwamba hadithi hizo, kama zinavyowafikia vijana leo, zinamtazamisha msomaji kwa macho ya anayepeleleza peke yake, na mara nyingi mtu huyo ni wa mbali, anafanya kazi yake katika miji ya mbali. Ilhali pwani hii na bara lake vimejaa visa vya kweli vya ujasusi, vingine vya kusisimua kuliko vya kubuni, ambavyo vingemwonyesha kijana pia yule anayechunguzwa, yule anayesalitiwa, na yule aliyebeba habari usiku bila jina lake kuandikwa popote.

Fasihi yetu haikuanza jana kulijua jambo hili. Tazama kisa cha Fumo Liongo, ambacho Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913, nacho kilikuwa kimesimuliwa na vizazi vingi kabla yake. Liongo akiwa kifungoni anampelekea mama yake ujumbe ndani ya wimbo, kwa kinywa cha kijakazi, huku walinzi wakisikia na wasielewe. Mama anaoka mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa, na tupa anaificha ndani ya huu wa wishwa, kwa sababu anajua walinzi watakula ile mizuri na kumwachia mfungwa makapi. Kisha mfungwa anaomba apigiwe ngoma, ili kelele za ngoma na mapembe zifunike sauti ya tupa inayokata pingu. Sijasoma hadithi ya kutoroka gerezani, ya lugha yoyote, iliyopangwa kwa akili kuliko hiyo. Lakini kisa hakiishii hapo. Mtawala wa Pate, aliposhindwa kumuua Liongo kwa nguvu, alimtuma mtoto wa Liongo mwenyewe kwenda kumdadisi baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua, akamwahidi cheo na mke. Mtoto akaipata siri ya sindano ya shaba na kitovu, akarudi kuitimiza baba akiwa usingizini, na ahadi aliyopewa hakuifaidi.

Nataka wasomaji waone utenzi unavyoigawa huruma yake. Hautuachi tukimshangilia aliyeipata siri. Unatupeleka kisimani, ambako Liongo amepiga goti na upinde wake mkononi, tayari amekufa lakini hakuna anayejua, na mji mzima unashindwa kuteka maji kwa hofu. Unatuonyesha mama akija kumbembeleza mwanawe ainuke. Jasusi yumo katika hadithi, tena ni mtu muhimu, lakini uzito wa hadithi umewekwa juu ya waliopatwa. Hicho ndicho ninachokikosa katika vitabu ambavyo vijana wangu wanavisoma leo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nije kwenye historia, na nianze hapa nilipo. Mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta Tanga wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India kuja kuuteka mji uliolindwa na Wajerumani kwa kikosi ambacho, hata baada ya kuongezewa watu kwa reli ya Usambara, kilikuwa na wapiganaji kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Wanafunzi wangu wanalijua pigano hilo kwa ajili ya nyuki waliowavamia wapiganaji katikati ya risasi. Lakini ukilisoma ukitafuta nani alijua nini, na lini, unakuta siri iliyovuja na habari ambazo hakuna aliyejisumbua kuzitafuta. Fununu za msafara huo zilikwisha wafikia Wajerumani kabla meli hazijaonekana. Tena asubuhi ya tarehe 2 nahodha wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Fox alikuja mbele ya mji kutoa taarifa kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha, na hivyo akawapa wapinzani wake muda wa kuita msaada. Upande wa pili, kamanda Paul von Lettow-Vorbeck aliingia mjini usiku kwa baiskeli, akajionea mwenyewe jinsi mitaa ilivyokuwa mitupu, akajua pa kuweka watu wake. Waliokuja kwa maelfu hawakujua wanakokwenda. Tarehe 5 walirudi melini wakiacha nyuma mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Kijana wa Tanga anapita katika mitaa hiyo hiyo kila siku akienda shule, na hakuna kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa kwa rika lake ninachoweza kumkabidhi kikamsimulia usiku ule wa baiskeli.

Kusini kidogo kuna kisa kingine kinachostahili riwaya nzima. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji, ambako mikoko mirefu na mikono mingi ya mto vilifanya kuitafuta kuwe kazi ya miezi. Meli kubwa za Waingereza zililinda midomo ya mto zisiweze kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji. Mwanzoni mwa 1915 waliteka kisiwa cha Mafia na kuleta huko ndege, ambazo joto na unyevu wa pwani viliziharibu moja baada ya nyingine. Aliyepewa kazi ya kupeleleza nchi kavu alikuwa P. J. Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyewahi kuishi Rufiji. Ndiye aliyethibitisha mahali meli ilipo, kisha akapima kina cha njia za maji na kufuatilia saa za kujaa na kupwa, ili makamanda wajue ni siku gani meli za kina kifupi zitaweza kupanda mto. Tarehe 11 Julai 1915 meli mbili za aina hiyo, Severn na Mersey, zikielekezwa na ndege juu, ziliipiga Königsberg mpaka nahodha wake, Max Looff, akaamua kuimaliza mwenyewe. Mizinga yake kumi ilitolewa ikaenda kupigana nchi kavu kwa muda mrefu baada ya hapo.

Pretorius ana jina katika vitabu vyote vinavyosimulia habari hizo. Lakini yeye hakuijua mikoko ile kuliko watu waliozaliwa ndani yake, na hakuifanya kazi hiyo peke yake. Alikuwa na wenyeji waliompitisha, waliopiga makasia, waliomwambia mkono upi wa mto unakauka na upi haukauki. Watu hao walikuwa na wake na watoto upande uliotawaliwa na Wajerumani, na wangalikamatwa wasingelipelekwa kambi ya mateka wa kivita kama ofisa wa Kizungu, bali wangalinyongwa. Katika masimulizi yanayosomwa sana wanatajwa kwa jumla tu. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka shujaa wa miaka 15 kwa ajili ya msomaji wa miaka 15, na amtafute ndani ya mtumbwi ule. Ampe mjomba anayefanya kazi kwa Wajerumani, ampe sababu ya kuongoza na sababu ya kukataa, na amwache msomaji afikiri mwenyewe kama kijana huyo alikuwa na deni la uaminifu kwa yeyote kati ya wageni wawili waliokuwa wakigombea mto wa babu zake.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawaambiwi, nalo ni kwamba historia nyingi za ujasusi zimeandikwa na majasusi wenyewe, na kazi yao inawafundisha kudanganya. Mkuu wa upelelezi wa Waingereza katika vita hivyo vya Afrika Mashariki alikuwa Richard Meinertzhagen. Shajara zake zinasomeka kama riwaya. Alieleza, kwa mfano, jinsi alivyotumia watu kukusanya karatasi zilizotumiwa na maofisa wa Kijerumani chooni, kwa kuwa vyoo vya kambini vilikuwa na karatasi chache na maofisa wakatumia barua na maandishi ya kazi. Kwa miaka mingi waandishi walimnukuu kama shahidi wa kuaminika. Baadaye watafiti walionyesha kwamba sehemu za shajara hizo ziliandikwa upya au kubuniwa, na wataalamu wa ndege wa porini wakagundua kwamba hata ndege waliokaushwa aliowatoa kwa makumbusho wengine walikuwa wameibwa katika makusanyo ya watu na kubandikwa maelezo ya uongo. Na mtu huyo huyo ndiye aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mapatano. Kijana wa Kenya anaweza kumsoma Koitalel katika kitabu kimoja cha shule, na akamsoma Meinertzhagen jasusi hodari katika kitabu kingine cha kusisimua, asijue kwamba wamewahi kukutana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vitabu hivi vinahitaji mwandishi mwenye dhamiri na mhariri anayeuliza maswali.

Sasa niseme kisa ambacho, kwa maoni yangu, ni hazina iliyolala mlangoni petu. Vijana wengi wanaopenda mambo ya kompyuta wamesikia habari za Waingereza waliofumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Wachache mno wanajua kwamba kazi ya namna hiyo ilifanyika Mombasa. Waingereza walikuwa na kituo cha kunasa na kufumbua ujumbe wa Japani, ambacho kilianzia Hong Kong, kikahamia Singapore, na Singapore ilipokuwa hatarini kikakimbilia Colombo. Aprili 1942 ndege za Japani zilipoishambulia Colombo, kituo kilihamishwa tena pamoja na meli za kivita hadi Kilindini, na wataalamu wake, wanaume na wanawake, wakawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Hali ya kunasa mawimbi ya redio kutoka Bahari ya Pasifiki ilikuwa mbaya kwa sababu ya umbali, na wataalamu walilazimika kufanya kazi na ujumbe mchache waliojaliwa kuupata. Hata hivyo Septemba 1942 walifaulu kuvunja mfumo wa siri uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Ufunguo waliupata kwa kosa la mtumaji mmoja, aliyetuma ujumbe, kisha akautuma tena kwa mpangilio uleule wa siri akiwa ameongeza maelezo. Kwa kulinganisha jumbe hizo mbili, wafumbuzi waliona jinsi mfumo wote unavyojengwa. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wakizisoma habari za safari za meli hizo, na meli ambayo safari yake inasomwa na adui ni rahisi kuviziwa njiani.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya tukio hilo kuwa somo la juma zima: awape wanafunzi sentensi mbili zilizofichwa kwa ufunguo mmoja, wazifumbue. Mwandishi wa hadithi naye ana shule iliyopisha vita, ana wanafunzi wenye asili ya Kihindi ambao majengo yao yamechukuliwa, ana mji wa bandari wenye wapagazi, mabaharia na wapishi wanaoona magari yakiingia usiku na kuambiwa wasiulize. Na ana swali kubwa la haki, kwamba ujumbe uliosomwa Mombasa ulizamisha meli zilizokuwa na mabaharia wa kawaida ndani yake. Hilo nalo kijana wa miaka 14 analiweza. Tunawadharau vijana tunapodhani kwamba wanataka mbio za magari na milipuko peke yake.

Upande wa pili wa ujasusi ni ule wa serikali kuwachunguza watu wake yenyewe, na hapa ndipo hadithi za kubuni zinapokuwa kimya zaidi. Nchini Kenya, sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa muongo huo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na rekodi ya ajira yake, na wengi wakakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kutembea bila kipande lilikuwa kosa. Mwajiri aliweza kuandika humo neno litakalomfuata mtu maisha yake yote, na polisi aliweza kujua, kwa kufungua kikopo, mtu huyo ametoka wapi na kama ameruhusiwa kuondoka. Hakukuwa na kamera wala kompyuta, na bado mtu alifuatiliwa. Kisha ikaja Hali ya Hatari mwaka 1952, na Aprili 1954 Nairobi ikazingirwa katika msako mkubwa ulioitwa Anvil, watu wakapangwa kwenye mistari na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye watu walimwita gakunia. Aliyetikisiwa kichwa alipelekwa kizuizini. Hakujua nani amemtaja, kwa kosa gani, wala kama mtu yule alimtambua kweli au alikuwa akiokoa maisha yake mwenyewe. Mau Mau nao walikuwa na macho na masikio yao, wakiwamo wanawake waliopeleka chakula, habari na risasi msituni, na watu wanaodhaniwa kuwa wasaliti waliuawa na pande zote mbili.

Nani anayeweza kumwelezea kijana uzito wa gunia lile kuliko hadithi? Kitabu cha historia kinatoa tarehe na idadi. Hadithi inaweza kumweka msomaji kwenye mstari, kisha katika sura inayofuata ikamweka ndani ya gunia. Wanafunzi wetu wa leo wanapoambiwa kwamba Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikafuata mwaka 2022, wanaona ni habari za wanasheria. Aliyesoma habari za kipande ataelewa mara moja kwa nini ni jambo linalomhusu yeye na simu yake.

Baada ya uhuru mambo hayakutulia. Dar es Salaam, iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963 na kimbilio la wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, ilikuwa mji ambao kila serikali kubwa ilitaka kuwa na sikio ndani yake. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, alifungua kifurushi kilichomfikia akiwa Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Polisi wa siri wa Ureno, PIDE, ndio waliotajwa zaidi kuhusika. Kila ninapofundisha mada hiyo darasa huwa kimya, na sishangai, maana Mondlane alikuwa msomi aliyewahi kufundisha chuo kikuu, na waliomwua walijua kwamba kitabu ni kitu ambacho mtu wa namna hiyo hawezi kukiacha bila kukifungua. Kumjua mtu kiasi hicho ndiko upelelezi unakofikia.

Zanzibar ina kisa chake. Januari 1965 mwanadiplomasia wa Marekani, Frank Carlucci, aliyekuja baadaye kuwa waziri wa ulinzi wa nchi yake, alifukuzwa visiwani pamoja na mwenzake wa ubalozi wa Dar es Salaam kwa tuhuma za kupanga njama. Kwa maelezo ya upande wa Wamarekani, tuhuma zilitokana na mazungumzo ya simu yaliyonaswa, ambamo walitumia lugha ya picha ya mambo ya silaha wakizungumzia hoja za kuishawishi Washington, na waliosikiliza wakaichukua kama ilivyo. Msomaji hana haja ya kuwaamini moja kwa moja. Wanadiplomasia nao wana sababu zao. Lakini kisa hicho kinafundisha udhaifu wa kunasa maneno ya watu: sikio lililoegeshwa ukutani hupata maneno na kukosa maana.

Katika miaka hiyo hiyo washauri wa usalama kutoka Ujerumani Mashariki walifika Zanzibar kusaidia kuunda idara ya usalama baada ya Mapinduzi. Wazanzibari wengi wanawakumbuka Wajerumani hao kwa nyumba za Kikwajuni na Michenzani, na ni haki yao kuzikumbuka. Vijana wajue pia nyumbani kwa washauri hao mambo yalikuwaje. Kufikia mwaka 1989 wizara ya usalama iliyojulikana kama Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000 katika nchi ya watu kama milioni 16. Baadhi ya watoa habari hao walikuwa wanafunzi wa umri chini ya miaka 18, walioombwa kueleza walimu wao wanasema nini na wenzao wanasikiliza muziki gani. Tangu 1992 wananchi wameruhusiwa kuyasoma mafaili yaliyoandikwa juu yao, na wapo waliokuta humo majina ya marafiki wa karibu, hata ya wenzi wao wa ndoa. Hapo hatuna bastola wala mbio. Tuna mwanafunzi anayeitwa ofisini na mtu mpole, anaahidiwa nafasi ya chuo, na kuombwa jambo dogo tu. Mwandishi atakayeandika ukurasa huo vizuri atakuwa amewapa vijana wetu kinga wasiyoweza kuipata katika mhadhara wowote wa maadili.

Sitaki kueleweka kwamba nawanyima vijana mashujaa. Wapo, na mmoja wao namtaja darasani kila nipatapo nafasi. Noor Inayat Khan alizaliwa Moscow tarehe 1 Januari 1914, baba yake akiwa mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi kutoka India. Alikulia Ufaransa, na kazi yake kabla ya vita ilikuwa kuandika hadithi za watoto. Juni 1943 Waingereza walimpeleka kwa siri Ufaransa iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani, akiwa mwanamke wa kwanza kupelekwa huko kutoka Uingereza kuendesha mtambo wa redio. Muda si mrefu wenzake wakakamatwa mmoja mmoja, akaambiwa arudi, akakataa kwa sababu bila yeye wapiganaji wa Paris wasingekuwa na mawasiliano. Alihama nyumba hadi nyumba na mtambo wake mpaka Oktoba, aliposalitiwa kwa fedha. Alikuwa amehifadhi nakala za ujumbe wake katika daftari, jambo ambalo Wajerumani walilitumia kuwahadaa wakubwa wake London, na kosa hilo lazima lisimuliwe pamoja na ushujaa wake. Alifungwa kwa minyororo miezi mingi, na aliuawa katika kambi ya Dachau Septemba 1944, akiwa na umri wa miaka 30. Nampenda kwa vijana kwa sababu hakuwa mtu wa chuma. Alikuwa mpole, mwenye kusahau, mtunzi wa hadithi za wanyama, na alikaa pale ambapo wenye vipawa vikubwa zaidi wangeondoka.

Kwa upande wa riwaya za kubuni, tusijidai kwamba hatuna asili. Wazazi wa wanafunzi wangu walimsoma Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba wakiwa vijana, na yale mapambano na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika yaliwapa fahari ya kumwona mpelelezi Mwafrika anayesafiri, anayefikiri na anayeshinda. Lakini riwaya hizo zilikusudiwa watu wazima, na hazikupata wadogo zake kwa ajili ya wasomaji wa miaka 12 hadi 16. Pengo hilo limejazwa na tafsiri na filamu. Naelewa matatizo ya wachapishaji: soko la vitabu visivyo vya kiada ni dogo, na karatasi ni ghali. Lakini kitabu ambacho wanafunzi wanakigombania bila kulazimishwa na mtihani ndicho kitabu chenye soko.

Wapo wazazi na walimu wenzangu wanaosema kwamba kuwapa watoto habari hizi ni kuwafundisha uongo na usaliti, na wengine wanahofu kwamba mambo ya usalama si ya kuchezewa. Nawaheshimu, lakini nadhani wamegeuza mambo. Mtoto anayemjua jasusi wa sinema peke yake ndiye anayejifunza kwamba kudanganya ni ufundi usio na gharama. Aliyekaa na mama yake Liongo kisimani amekwisha iona gharama. Na visa nilivyovitaja vyote vimo katika kumbukumbu zilizo wazi kwa umma. Hakuna siri ya taifa lolote ndani yake, isipokuwa ile tuliyoifanya kuwa siri kwa kutoiandika.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Gazeti lako, Ndugu Mhariri, lina ukurasa wa watoto. Nakuomba utenge nafasi humo kila toleo kwa kisa kimoja cha kweli, kiandikwe na mtu aliyesoma na kukaguliwa na mtu aliyesoma zaidi, na ningefurahi kuona cha kwanza kikiwa cha Kilindini. Wachapishaji watangaze shindano la riwaya fupi za ujasusi kwa vijana, na miongoni mwa masharti liwemo hili, kwamba anayepelelezwa awe na jina, kwao na sauti. Walimu wa historia na wa Kiswahili waache kutupiana mpira juu ya nani anayehusika na vitabu hivi. Na wazee wa Rufiji, Mafia na Pangani ambao babu zao waliwasimulia jinsi walivyowapitisha au kuwaficha watu wa vita vile, wajitokeze, masimulizi hayo yaandikwe pamoja na majina. Mimi mwenyewe niko tayari kwenda kuyaandika kwa mkono wakati wa likizo ya Desemba, na walimu watakaopenda kufuatana nami wanaweza kunipata kupitia kwako.

Wako,
Mwalimu wa Historia,
Tanga